Msafara wa baiskeli Tanga–Pangani kuchangia taa za sola: njia, vipuri na taa za kununua

Pedeli_Chumbageni

Wakuu, habari za jioni.

Tunapanga msafara wa baiskeli mwezi wa nane, siku ya Jumapili, watu kama 60. Pesa zitakazochangwa ni za taa za sola kwa vitongoji viwili vya ndani upande wa Pangani, ambako nguzo za umeme zimeishia barabarani na kule ndani bado ni koroboi na tochi. Tunalenga kaya 100. Baiskeli nyingi ni hizi za kawaida za inchi 28, chache zina gia.

Mpango wa sasa ni kutoka Tanga mjini alfajiri, kufika Pangani mchana, kukabidhi taa hapohapo, kisha kurudi Tanga jioni. Wengine wamependekeza tuende Muheza badala yake kwa sababu kote ni lami.

Naomba ushauri wa njia, vipuri vya kubeba, taa gani tununue, na namna ya kuzuia zisife ndani ya miezi sita kama tunavyoona kwenye misaada mingi. Bei tuliyokadiria ni kama Sh 30,000 kwa taa.

Spoku40

Mkuu, hongereni. Nianze na njia, maana ndiyo itakayowavunja siku.

Kwenda na kurudi Pangani ni kilomita 100. Baiskeli isiyo na gia, kwenye barabara yenye vipande vya vumbi na kifusi, inakwenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa kwa mtu mzima asiyefanya mazoezi kila siku. Kwa hiyo kilomita 50 ni saa nne za kukanyaga, na ukiweka mapumziko ni tano. Mkirudi siku hiyohiyo mtaingia mjini na giza. Mwezi wa nane jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Endesheni upande mmoja tu, na muanzie Pangani kuja Tanga. Mwezi huo ni kusi, yaani upepo unatoka kusini, upande wa Pangani. Mkielekea Pangani upepo utawapiga kifua na bega njia nzima, na kuanzia saa nne asubuhi unazidi nguvu. Mkija Tanga unawasukuma mgongoni. Kwa baiskeli ya gia moja hilo ndilo linaloamua nani atamaliza na nani atapandishwa garini.

Muheza msishawishike na lami. Ile ndiyo njia ya malori na mabasi yote ya kwenda Segera, na watu 60 wakiwa na uzoefu tofauti watajikuta wamesambaa kilomita tano, basi linawapita kwa nguvu na lori linakuja mbele. Barabara ya Pangani ina magari machache. Ubaya wake ni kwamba hali ya njia hubadilika kila ujenzi unaposogea, kwa hiyo watu wawili waipite kwa baiskeli wiki mbili kabla, waandike kila penye mchanga, kifusi au mchepuko, na siku yenyewe mtu asimame pale na bendera. Kwenye mchanga mwingi watu washuke wasukume. Anayeng'ang'ania kukanyaga ndiye anayeanguka, na wa nyuma yake wanaanguka juu yake.

Baiskeli zitangulie Jumamosi na Fuso. Msizilaze moja juu ya nyingine, spoku na rimu zinapinda. Zisimamisheni, moja ikitazama huku na inayofuata kule, gunia tupu katikati, kamba ya katani ipite kwenye fremu na isiguse spoku. Waendeshaji walale Pangani, waondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kituo cha kwanza kirefu kiwe Kigombe, cha pili Tongoni penye magofu, na saa sita isiwakute barabarani.

Maji: nusu lita hadi robo tatu kwa saa kwa mtu. Kwa watu 60 na saa tano, pigeni hesabu ya lita 180, ongezeni 20 za kuoshea vidonda, jumla madumu kumi ya lita 20. Wanaotokwa jasho sana wapewe maji yenye sukari na chumvi: lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya mfuto. Chumvi isizidi hapo. Mihogo ya kuchemsha, ndizi na machungwa ya Muheza vinatosha kwa chakula cha njiani.

Sasa baiskeli zenyewe. Ukaguzi ufanyike siku nne kabla. Mkiuacha hadi usiku wa kuamkia safari, mtakuta ubovu na fundi hayupo. Inchi 28 ya kawaida ina spoku 32 mbele na 40 nyuma, na zinazokatika karibu zote ni za nyuma upande wa cheni. Zibane mbilimbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote: iliyolegea utaihisi, inakubali kuliko wenzake. Spoku moja iliyolegea inawatwika mzigo majirani zake, na baada ya kilomita ishirini za mashimo wanakatika wawili au watatu kwa mpigo.

Ugonjwa wa pili ni kotapini, ile pini inayobana mkono wa pedeli. Ikilegea, pedeli inapiga kidogo kila mzunguko, mwendeshaji anapuuza, pini inalika upande mmoja, mwisho mkono unazunguka bure. Kuikaza kwa nati peke yake hakutoshi, nati inakatika. Gonga pini kwa nyundo huku upande wa pili wa mkono umeegemezwa kwenye chuma kizito, kisha kaza nati, endesha kilomita tano, kaza tena. Hizo kilomita tano za majaribio ndizo watu huziruka, na ndizo zinazosaidia.

Vali za kizamani zenye kimpira ndani ndizo zinazoleta pancha za ajabu, tyubu nzima lakini upepo unaisha. Kimpira huoza kwa joto. Nunueni mita nne za mpira wa vali, kateni vipande vya sentimita tatu, badilisheni kwa baiskeli zote kabla ya safari. Ni pesa ndogo mno.

Kwa baiskeli 60 gari la mwisho libebe tyubu 15 za inchi 28 na 6 za inchi 26, tairi 4, spoku 40 za vipimo vya mbele na nyuma na nati zake, kotapini 12, cheni 3 na kifungio cha cheni, raba za breki jozi 10, gololi, grisi, pampu 3, spana za kutosha mafundi wawili. Na msasa na solusheni nyingi. Kiraka kinaachia kwa sababu moja kubwa: fundi ana haraka, anabandika solusheni ikiwa bado mbichi. Sugua, paka nyembamba, subiri dakika tatu hadi tano mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga. Upepo wa tairi usiwe mdogo. Tairi laini ikigonga jiwe, tyubu inabanwa kwenye rimu na kutoboka matundu mawili yanayotazamana. Ukiona hivyo usitafute mwiba, ongeza upepo.

Mjumbe_Makorora

Nyongeza fupi ya vibali. Njia hiyo inapita wilaya tatu. Mnaanza Pangani, Kigombe iko Muheza, Tongoni ni Jiji la Tanga. Barua moja kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) mmoja haitoshi, wapelekeeni wote watatu, nakala kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa. Sheria inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla ya mkusanyiko, lakini mkipeleka siku mbili kabla hamtapata askari wa kuwasindikiza. Pelekeni wiki tatu kabla, mkiambatanisha ramani, saa za kupita kila kituo, idadi ya watu na namba za simu za viongozi wawili. Wenyeviti wa vijiji vya njiani waambiwe pia, wao ndio watakaozuia ng'ombe na bodaboda kwa dakika kumi. Majeruhi wa vituo vya mwanzo warudishwe hospitali ya wilaya Pangani, wa kuanzia Tongoni wapelekwe hospitali ya Bombo, Tanga. Liandikwe kwenye karatasi ya kila dereva, watu wasianze kubishana mtu analia.

WatiSita

Nijibu upande wa taa.

Kwanza msikabidhi taa siku ya msafara. Taa zinunuliwe baada ya pesa kuhesabiwa, zichajiwe jua siku nzima, zijaribiwe moja moja, ndipo zipelekwe. Zikikabidhiwa zikiwa kwenye maboksi siku ya shangwe, ile mbovu mtaijua baada ya mwezi, na mwenye nayo ataona haya kusema.

Sh 30,000 ni bei ya taa ya mkono yenye paneli ndogo inayojitenga kwa waya, si ya seti ya balbu tatu. Kwa kaya 100 mimi ningebaki na taa moja nzuri kwa kila kaya, kuliko seti duni. Angalieni mambo haya.

Betri iwe imeandikwa LiFePO4 (aina ya betri ya lithiamu), volti 3.2. Hii inastahimili joto letu na mizunguko 1,500 na zaidi ya kujazwa na kuisha, yaani miaka minne kwa matumizi ya kila usiku. Mkiona taa yenye betri ya duara ya saizi ya 18650 iliyoandikwa mAh (kipimo cha ujazo wa betri) 9,900, iacheni. Betri ya saizi hiyo, hata ya kampuni bora kabisa, iko kwenye 3,500 hivi. Aliyedanganya hapo amedanganya na kwingine.

Paneli iwe na kioo na fremu ya aluminiamu. Hizi ndogo zilizomiminiwa gundi juu badala ya kioo zinageuka njano kwa jua la pwani, na kila zikizidi unjano ndivyo chaji inavyopungua. Kwa macho paneli ni nzima, kwa mita ya kupimia umeme ni nusu. Pimeni saa sita mchana kweupe: paneli ya wati 2 ya volti 6, ukigusisha mita kwenye ncha zake, itoe karibu ampia 0.35. Ikitoa 0.2, rudisheni.

Mwanga: mshumaa unatoa lumeni kama 12, koroboi chini ya hapo. Taa ya lumeni 50 hadi 100 inayoweza kupunguzwa inatosha mtoto kusoma na mama kupika. Taa zilizopimwa ubora zinaorodheshwa na VeraSol, iliyochukua kazi ya Lighting Global mwaka 2020. Vigezo vyao vinadai, pamoja na mengine, udhamini usiopungua mwaka mmoja kwa taa ndogo, na kwamba baada ya saa 2,000 za kuwaka mwanga uwe haujashuka chini ya asilimia 85. Mwambieni muuzaji awape modeli kamili, mtafute kwenye orodha. Jina la kampuni peke yake halitoshi, kampuni moja ina zilizopimwa na zisizopimwa.

Na taa ifunguliwe kwa skrubu. Iliyogandishwa kwa gundi itatupwa siku ya kwanza swichi ikifa.

Pedeli_Chumbageni

Nawashukuru sana wakuu, mmetufungua macho. Tumekubaliana kuanzia Pangani na kukabidhi baadaye.

WatiSita, mfadhili mmoja yuko tayari kuongeza seti za balbu tatu kwa shule na kaya chache zenye wazee. Ni paneli wati 6, volti 6, betri volti 3.2 ampia-saa 6. Wanakijiji wanauliza kama zitachaji simu. Na nyumba nyingi ni za makuti, paneli tuiweke wapi?

La pili: taa tugawe bure au wachangie? Kamati imegawanyika.

MwekaHazina_Ngamiani

Dada au kaka, kwenye la pili mimi niko upande wa kuchangia, na sababu ni betri.

Shirika la SolarAid la Uingereza, lililoanzishwa 2006, lilichagua kuuza taa kwa bei nafuu kupitia tawi lake la SunnyMoney, hapa Tanzania wakipitia kwa walimu wakuu, badala ya kugawa bure. Hoja yao moja ni kwamba taa za bure zinaua duka. Muuzaji wa kijijini hawezi kushindana na bure, anaacha kuleta taa na vipuri, na taa zenu zikiharibika hakuna pa kwenda.

Msitoze bei kamili. Chukulieni mfano wa taa ya Sh 30,000: kaya inachangia 1,000 kwa wiki kwa wiki kumi. Kaya 100 ni milioni moja, na pesa hiyo isirudi Tanga mjini. Ibaki kwenye VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) ya kitongoji katika daftari lake, kwa ajili ya betri, swichi na nauli ya fundi. Kabla ya kupanga kiwango, waulizeni watu sasa wanatumia nini kwa mwanga. Mkidhani ni mafuta ya taa mnaweza kukosea, kaya nyingi zimehamia tochi za betri kavu, na gharama yake ni tofauti.

Kwenye michango yenyewe, gharama za msafara (Fuso, chakula, vipuri vya baiskeli, fulana) zilipwe na ada ya washiriki au mfadhili, zisiguse pesa ya wachangiaji. Ya wachangiaji iingie lipa namba moja ya kikundi, ya mtu binafsi hapana, na kila Ijumaa jumla ibandikwe kwenye kundi. Katika kila shilingi 100, 75 iende kwenye taa, 15 kwenye vipuri na mafunzo ya fundi wa hukohuko, 10 kwenye safari za kufuatilia mwezi wa kwanza, wa tatu na wa kumi na mbili. Kamati itavutwa inunue taa zaidi kwa hiyo 25, kwa sababu taa 120 zinapendeza kwenye picha kuliko 100. Mkubali kuitwa wabahili.

Bi_Kisosora

Naunga mkono, ila wanangu, tusiwasahau wasioweza hiyo 1,000. Yuko bibi anayelea wajukuu, yuko mgonjwa. Mkutano wa kitongoji uwataje hadharani watakaosamehewa, na idadi iwekwe mapema, tuseme kaya 15 katika 100. Mkiiacha kwa mwenyekiti peke yake itageuka ugomvi. Na taa iandikwe kwa jina la mama wa nyumba. Ikiandikwa kwa baba itakwenda kuwaka kibandani kwenye bao.

WatiSita

Bi Kisosora umesema kweli.

Pedeli, hesabu ya simu hii hapa. Betri ya volti 3.2 na ampia-saa 6 inabeba wati-saa 19. Paneli ya wati 6, kwa saa nne na nusu za jua kali na upotevu wa kawaida, inaleta hizohizo 19. Balbu tatu za wati 1 kwa saa tano zinakula 15. Zinabaki 4. Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, chenye betri ya mAh 1,000 kinahitaji karibu hizo 4, kinaingia. Simu janja ya mAh 4,000 inahitaji wati-saa 15, yaani ikichajiwa, usiku huo ni giza. Waambieni hivyo kwa lugha hiyo: kitochi kimoja kwa siku, na simu janja mchana tu, taa ikiwa imeshajaa. Masika, mawingu yakishika, washe balbu moja.

Paneli msiilaze juu ya makuti. Makuti yanabonyea, paneli inabaki bapa, vumbi na maji yanatuama. Simikeni nguzo ya mti mkavu uani, paneli itazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe. Tanga tuko kusini kidogo ya ikweta, ndiyo maana kaskazini. Kisha mtu akae pale saa tatu, saa sita na saa tisa kuangalia kivuli cha mnazi. Seli zimeungana kwa mfuatano: ukuti mmoja ukifunika seli moja, mkondo wa paneli nzima unashuka. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, upepo wa bahari unakula za kawaida ndani ya mwaka.

Sasa waya, na hapa ndipo seti nyingi zinapofia bila mtu kujua. Fundi anaona nguzo iko mbali, anaunga waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5, mita 20. Umeme unakwenda na kurudi, mita 40, ukinzani karibu ohmu 1.4. Kwa ampia 1 umeshapoteza volti 1.4. Paneli nayo ikipata joto la nyuzi 60 juani haitoi volti 6 tena, iko kwenye 5.3 hivi. Toa 1.4, toa 0.4 ya diodi (kile kinachozuia umeme kurudi kwenye paneli), unabaki na 3.5. Betri inahitaji 3.6 kujaa. Kitaa cha chaji kinawaka kutwa, wenyewe wanaona inachaji, na kila usiku taa inazima mapema kuliko jana. Halafu betri inalaumiwa, inabadilishwa, mpya nayo inafanya vilevile. Kaa na waya wa mita tano uliokuja na seti. Ikibidi mita kumi, tumia waya wa milimita za mraba 1.5.

Fundi wa kitongoji asichanganye betri. Akiweka ya volti 3.7 kwenye taa ya 3.2, haitajaa hata robo. Akiweka ya 3.2 kwenye taa ya 3.7 ataijaza kupita kiasi na kuiua. Kwa taa 100 mwacheni na betri 10 za aina ileile, nyaya 10 za paneli zenye plagi, swichi 10, mita, chuma cha kulehemu cha gesi kwa kuwa umeme hana, na risasi ya kulehemu. Betri za akiba azijaze nusu, aziweke ndani penye kivuli, si stoo ya bati, na azitie chaji kidogo kila baada ya miezi mitatu.

Spoku40

Hiyo mita tano mkaiandike kwa rangi kwenye nguzo kabisa. Na Pedeli, mkienda kukagua njia, chukueni pampu na mpira wa vali, msisubiri siku ya msafara.